Nakala kwa Watunza Siri Kumi na Tisa

Ilitangazwa rasmi kwamba kuanzia tarehe mosi Juni, mwaka wa sabini na tano, hakuna mgonjwa yeyote wa nyanda za juu, kutoka Kakonko hadi Manyovu, ambaye ugonjwa wake utaendelea kujulikana kienyeji. Kuanzia siku hiyo magonjwa yote yangejulikana kwa utaratibu. Tangazo lilibandikwa mnadani, kwenye ofisi ya Chama, na kwenye mlango wa choo cha kituo cha afya cha Murungaga, mahali ambapo watu husoma kwa utulivu. Lilikuwa na mihuri mitatu. Wa nne uligongwa pia, ila ulikosa wino.

Hatua hiyo haikuja bure. Mgawa dawa wa zamani wa Murungaga alikuwa na sauti ya mnadi. Alikuwa akitoa kichwa dirishani na kuuliza, "Nani wa minyoo? Jamani, nani wa minyoo?" na mwenye minyoo alilazimika kunyoosha kidole mbele ya wakwe zake. Malalamiko yalipelekwa Kasulu, yakakaa huko miaka miwili, kisha yakazaa idara. Idara ilipewa chumba, taipu, Landrova, na mkuu wake, Ndugu Isihaka Dadi, Mratibu wa Siri za Wagonjwa. Yule mwenye sauti ya mnadi alihamishiwa kwenye mnada, akafanya kazi nzuri sana.

Aliyechukua nafasi yake ni Tharsisi Harerimana, mtu mwembamba, mwangalifu, mwenye cheti cha kugawa dawa na kingine cha kuchoma sindano. Alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na mtu ambaye hajathibitishwa huelewa mambo haraka. Aliitwa Kasulu kwenye semina ya siku tatu, akakaa mstari wa mbele na daftari jipya.

"Ndugu washiriki," alisema Ndugu Isihaka, akiwa amesimama kifua mbele ndani ya suti yake ya Kaunda, "nani kati yenu anaweza kunitunzia siri asiyoijua?"

Washiriki walitazamana. Hakuna aliyeweza.

"Mnaona? Mtu asiyejua siri ni hatari. Anaweza kuitamka wakati wowote kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni siri. Dawa yake ni moja. Mgonjwa akipewa dawa, kila mtu anayeweza kuuvujisha ugonjwa wake aandikiwe barua. Aelezwe ugonjwa wenyewe, kwa jina lake kamili, ili ajue ni kitu gani hasa hatakiwi kukisema. Kisha atie sahihi. Hapo tumembana!"

Watu walipiga makofi. Chai ilikuwa ya maziwa na maandazi yalikuwa ya moto, na jambo lolote likisemwa kati ya chai na maandazi huwa lina mantiki. Tharsisi aliandika maneno yale na kuyapigia mstari mara mbili. Aliyaamini kwa moyo wake wote, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walimsingizia mengi.

Waraka wa Ndugu Isihaka, uliotoka baada ya semina, uliwaita watu hao Watunza Siri. Kwa mgonjwa wa kawaida walikuwa kumi na tisa. Walianza na katibu kata na mwenyekiti wa kijiji, wakafuatia mabalozi wa nyumba kumi kumi waliopakana na mgonjwa, katekista, imamu, mwalimu mkuu, kamanda wa mgambo na dereva wa lori la kijiji, hadi kufikia wakwe wa pande zote mbili. Mama wa kilabu cha pombe aliwekwa namba saba, maana Murungaga haikuwahi kutoka habari isiyopita kwake. Asiyejua kusoma alitakiwa kusomewa kwa sauti, tena mara mbili, asije akadai hakusikia vizuri.

Mgonjwa wa kwanza kutunziwa siri alikuwa mzee Hatungimana, mkulima wa maharage, aliyekuwa na bawasiri. Tharsisi alikaa kwenye taipu asubuhi nzima. Juu aliandika SIRI SANA, chini yake akaandika YAH: BAWASIRI YA NDUGU HATUNGIMANA, na mwisho kabisa akapanga nakala kwa wanaohusika. Ndani ya siku tatu watu wote kumi na tisa walikuwa wamejulishwa, wamesomewa, na wametia sahihi au dole gumba.

Tatizo lililojitokeza halikuwa la kiofisi, lilikuwa la malezi. Kwa Waha, wenyeji wa huko, ukishajua kwamba jirani anaumwa huwezi kukaa kwako umekunja mikono. Unakwenda kumwona, na huendi mikono mitupu. Waraka ulikuwa umekataza kuutaja ugonjwa, haukuwa umekataza kumwona mgonjwa. Basi Jumapili baada ya ibada, Watunza Siri wote kumi na tisa, pamoja na wake zao, waume zao na shemeji zao, walipanda kilima hadi kwa mzee Hatungimana na mikungu ya ndizi na vibuyu vya pombe.

"Mwakeye, mzee," alisalimu Ndugu Kipriani, katibu kata, kwa Kiha.

"Mwakeye. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Tumekuja tu."

"Watu arobaini, mmekuja tu?"

"Ego, ndiyo. Tumekuja tu."

Wakaketi. Mzee, asijue la kufanya, naye akavuta kigoda aketi. Watu arobaini wakamtazama anavyoketi. Alipokunja uso kidogo, watu arobaini wakakunja uso naye, na mama wa kilabu akainuka bila neno, akaenda ndani, akarudi na mto.

Jumatatu asubuhi mzee alikuwa dirishani kwa Tharsisi.

"Daktari, kwa nini kila ninapopita watu wananiuliza kama nimeketi vizuri?"

"Kuna aliyeutaja ugonjwa wako?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wananitazama tu huku." Akaonyesha.

"Basi siri yako iko salama, mzee," alisema Tharsisi, na kwenye jalada akaandika: Hakuna uvujaji.

Baada ya mwezi mmoja idadi ya wagonjwa wa Murungaga ilishuka kutoka sitini kwa siku hadi wanne. Wawili kati ya hao walikuwa wametumwa na mifugo yao, iliyokuwa na minyoo. Waliobaki walikohoa majumbani, wakajikuna majumbani, na mwanamke mmoja alitembea hadi Burundi kununua dawa ya macho. Tharsisi alituma takwimu Kasulu kwa hofu, akitegemea karipio. Alijibiwa kwa barua ya pongezi. Ndugu Isihaka alieleza kwamba usiri umethibitika kupunguza magonjwa kwa asilimia tisini na tatu, na kwamba mafanikio hayo hayajawahi kufikiwa na dawa yoyote.

Palikuwa na mgonjwa mmoja tu ambaye Tharsisi hakuwa amemtunzia siri kwa utaratibu, naye alikuwa Esteri.

Esteri alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima huko Kumsenga. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, sauti ya upole na mwandiko uliowafanya viongozi wa Chama wamwombe awaandikie barua zao. Watu wazima waliozoea jembe walishika kalamu kwa ajili yake. Kila mwezi, siku ya mnada, alipita dirisha la nyuma la chumba cha dawa, na Tharsisi akampa kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya daftari. Ndani mlikuwa na vidonge vya kifafa. Akivimeza kila siku alikuwa mwalimu Esteri. Akikosa siku tatu, alianguka.

Mwezi ule alikuja na tangazo jipya mkononi, lililobandikwa mnadani. Lilisema kwamba kila anayetumia dawa za kudumu lazima awe ameandikiwa barua ya siri kabla mwezi haujaisha, la sivyo asipewe dawa tena.

"Ni kweli, daktari?"

"Ni kweli, mwalimu. Ni kwa ajili ya kukulinda."

"Watakaoandikiwa ni kina nani?"

Tharsisi alimsomea orodha. Alipofika namba kumi na moja Esteri alimnyooshea mkono anyamaze.

"Nikwambie kitu. Shangazi yangu alikuwa na ugonjwa huu. Alikuwa na sahani yake peke yake na kata yake ya maji peke yake. Siku moja alianguka kwenye moto, nyumba imejaa watu. Hakuna aliyemvuta. Waliogopa povu lake, walisema linaambukiza. Mimi nilikuwa na miaka saba. Walinishika mikono, nami nisimguse."

Tharsisi aliikunja orodha.

"Darasa langu lina watu hamsini na wawili," alisema Esteri. "Ninawashika mikono mmoja mmoja tunapoandika herufi. Wakijua, nani atanipa mkono wake? Niandikie barua yako daktari, kama sheria inakulazimisha. Lakini ujue kwamba siku utakayoituma, ndiyo siku utakayoniua."

Akaondoka. Tharsisi alibaki amesimama na orodha yake, akaona aibu ikimpanda hadi masikioni, aibu ya mtu aliyekuwa akijipongeza kwa mwezi mzima. Hata hivyo alikuwa mtumishi. Aliandika barua ya Esteri pamoja na nakala zake zote, akaziweka mezani bila mhuri, na juu yake akaweka mawe mawili kana kwamba zingeweza kutoka zenyewe. Kisha akamwandikia Mratibu, kwa unyenyekevu, akapendekeza kwamba pengine baadhi ya siri zingeweza kutunzwa na mtu mmoja tu, kwa mfano mgawa dawa.

Jibu lilikuja kwa basi lililofuata. Lilisema kwamba siri inayotunzwa na mtu mmoja haina usalama wowote, maana mtu huyo anaweza kufa, na siri ikapotea kabisa.

Zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe, Landrova ya idara ilisimama mbele ya kituo. Ndugu Isihaka alishuka taratibu kuliko kawaida yake, akatembea kwa hatua fupi hadi ndani, akakagua. Alilinganisha vidonge na majalada, na hapo kidole chake kikasimama.

"Hapa kuna vidonge vya kifafa. Vinatoka kila mwezi. Vinakwenda kwa nani?"

"Kwa mgonjwa, mzee."

"Jalada lake liko wapi?"

"Liko mezani. Bado mhuri tu."

"Ndugu Tharsisi." Mratibu alivua miwani. "Wewe ni mfano wa kuigwa wilayani. Nilikuwa nimekuja na barua yako ya kuthibitishwa kazini, hii hapa mfukoni. Nitaitoaje wakati kuna mgonjwa hapa ambaye siri yake haijulikani na mtu? Kesho kutwa asubuhi nakala hizo ziwe zimetoka. Zisipotoka, tafuta jembe."

"Nimeelewa, mzee."

Ndugu Isihaka alifunga mlango. Akafunga na dirisha. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ambayo Tharsisi hakuwahi kuisikia kwake, kama kituo kina sindano za penisilini.

"Zipo, mzee. Za kazi gani?"

Mratibu aliitaja kazi yenyewe. Ilikuwa ni kisonono. Alieleza kwamba amekipata kutokana na uchovu wa safari na viti vya Landrova, jambo ambalo kitaalamu halijakubalika, lakini Tharsisi hakuwa na cheti cha kubishana na Mratibu.

"Kule Kasulu siwezi kwenda, wananijua," alisema Ndugu Isihaka. Alikuwa sasa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha sindano, suruali imeshushwa, lakini cheo chake kilikuwa bado kimesimama. "Niletee fomu nijaze. Sitaki mtu aje aseme Mratibu alipewa dawa kwa mlango wa nyuma."

"Na siri, mzee? Itunzwe vipi?"

"Swali gani hilo? Itunzwe kikamilifu."

"Kwa utaratibu wa Waraka?"

"Kwani unajua utaratibu mwingine?"

Tharsisi alikuwa anaujua mwingine, lakini haukuwa na namba ya kumbukumbu. Akampa fomu na kalamu. Ndugu Isihaka, ambaye hajawahi kuiona fomu akaiacha na nafasi tupu, aliijaza yote akiwa kifudifudi vilevile, pamoja na ile sehemu ya watu wa karibu. Aliandika Bi Siti, mke, Kasulu. Akafikiri kidogo. Chini palikuwa na maneno aliyoyatunga mwenyewe kuhusu adhabu ya kutoa taarifa pungufu, basi akaongeza: Adija, rafiki, Kibondo. Akapigwa sindano, akamwita mama yake kwa Kiha, "mawe!", kama mtu wa kawaida, akaondoka.

Haifai kusema kwamba Tharsisi alifanya jambo lililofuata kwa ujeuri. Hakuwa na ujeuri hata chembe. Aliufungua Waraka, akasoma kifungu cha sita, kinachosema kwamba kadiri mgonjwa anavyokuwa mkubwa ndivyo siri yake inavyohitaji watunzaji wengi, na kwamba ofisa wa ngazi ya Mratibu ana haki ya Watunza Siri arobaini na mmoja. Ila mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye taipu siku ile, mwepesi ajabu. Alikata stensili, akazungusha mashine ya kurudufu, na karatasi zikatoka moja baada ya nyingine, bado mbichi: YAH: KISONONO CHA NDUGU ISIHAKA DADI. Arobaini na moja si mchezo. Alipofika ya mwisho, wino wa kituo kizima ulikuwa umekwisha, wa mashine na wa mhuri.

Akaandika maelezo kwa penseli na kuyaambatanisha kwenye barua ya Esteri: Imekwama kwa kukosa wino. Lilikuwa jambo la kweli kabisa. Kisha akazipeleka zile arobaini na moja kwenye basi yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akiimba.

Mtu wa kwanza kufika kutia sahihi alikuwa Bi Siti. Alishuka kwenye basi la asubuhi amevaa baibui, na bahasha yenye neno SIRI SANA ameishika mbele kama tiketi. Alikuwa na duka la kanga Kasulu, na alizungumza kama mtu aliyezoea kuulizwa bei.

"Wewe ndiye Tharsisi?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni nakala namba tatu. Nimeambiwa nitie sahihi kwamba sitaitoa siri hii. Nitatia. Ila nina swali moja kwanza. Yeye alikuwa ameitunza tangu lini?"

Tharsisi aliitazama fomu. "Haina nafasi ya tarehe hiyo, mama."

"Andika pembeni. Halafu hapa nakala namba nne. Adija wa Kibondo, rafiki. Rafiki wa nani? Mimi simjui."

"Waraka unasema watu wa karibu wote, mama."

"Karibu sana, naona." Bi Siti aliikunja karatasi mara nne, taratibu. Tharsisi aliona kwamba pamoja na ukali wote ule alikuwa ni mtu aliyelia usiku kucha. "Baba, mimi nimekaa naye miaka kumi na minane. Nadhani na mimi nahitaji hiyo sindano."

"Unaihitaji, mama. Na wewe, siri yako..."

"Siri yangu usiniandikie barua. Nichome sindano."

Akamchoma sindano. Hakuandika kitu popote, kwa kuwa wino ulikuwa umekwisha.

Watunza Siri wengine walikuwa watu wenye malezi. Wale wa Kasulu walikwenda kumwona mgonjwa nyumbani kwake na kuku, wakakuta mke hayupo. Wale wa Kibondo walikodi lori. Katibu kata Kipriani aliongoza ujumbe wa Murungaga na ndizi mikungu sita. Wote walikaa ukumbini kwa Mratibu, wakanyamaza kwa mujibu wa sheria, na kila aliponyanyuka kwenda uani walimsindikiza kwa macho hadi mlangoni, na aliporudi walimwuliza kwa huruma, "Salama?"

Siku ya nne ilifika simu ya maandishi kutoka kwa Mratibu: SIMAMISHA WARAKA STOP CHOMA MAJALADA YOTE STOP. Tharsisi aliisoma mara mbili. Kisha akaenda mezani, akaondoa mawe mawili, akaichukua barua ya Esteri na nakala zake kumi na tisa, akazichoma yeye mwenyewe nyuma ya kituo. Machozi yalimtoka. Akasema ni moshi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Hata hivyo serikali haiwezi kukijua kitu kirasmi halafu ikakiacha kienyeji. Kisonono cha Mratibu kilikuwa kimekwisha kusajiliwa kwa watu arobaini na mmoja, na ilibidi kiondolewe kwao kwa utaratibu ule ule. Ndugu Isihaka, akiwa ndiye mtaalamu pekee, alitunga Waraka wa Pili na Fomu ya Kusahau. Ilisema hivi: Mimi fulani wa mahali fulani, niliyejulishwa kwamba Ndugu Isihaka Dadi, Mratibu, ana kisonono, natamka kwamba leo nimelisahau jambo hilo lote, na sitalikumbuka tena bila kibali cha maandishi. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya mwenye kusahau, na nyingine ya mwenye kusahauliwa, ambaye ilimpasa awepo mwenyewe na kumsomea fomu kwa sauti kila asiyejua kusoma.

Kazi ilipangwa kufanyika Murungaga, mbali na Kasulu, ili isionekane. Kwa bahati mbaya ilipangwa siku ya mnada.

Saa mbili asubuhi Ndugu Isihaka aliketi nyuma ya meza mbele ya kituo, akiwa na fomu arobaini na moja. Saa tatu foleni ilikuwa imefika mnadani. Saa nne ilikuwa imeuzunguka mnada.

"Hawa wote ni nani?" alimwuliza Tharsisi. "Mimi niliandikiwa watu arobaini na mmoja!"

"Wanasema na wao wanataka kusahau, mzee."

"Watasahau nini wakati hawakuambiwa?"

"Hilo ndilo wanalolalamikia."

Mbele ya meza alisimama bibi mmoja, Niyonsaba, mwenye mzigo wa mihogo kichwani. Hakujua kusoma. Ndugu Isihaka alitazama kulia na kushoto, akasoma haraka haraka, akimung'unya.

"Sauti, baba," alisema bibi. "Nitasahauje nisichokisikia?"

Akasoma tena, kwa sauti. Foleni nzima ilisikiliza kwa heshima. Bibi Niyonsaba aliweka dole gumba, akasema "yoo, pole mwanangu", akamwachia muhogo mmoja mezani. Nyuma yake walikuwepo watu mia tatu, na kwa mujibu wa Waraka kila mmoja alikuwa na haki ya kusomewa mwenyewe.

Ndipo lilipofika darasa la Kumsenga. Lilikuja kwa mistari, watu hamsini na wawili, na mwalimu Esteri mbele. Alimwamkia Mratibu kwa adabu, akaeleza kwamba wanafunzi wake wanakaribia mtihani na hawana vitabu, na amesikia hapa kuna karatasi za serikali zenye herufi kubwa na maneno mafupi. Aliomba wasisomewe. Aliomba wasome wenyewe. Alizungumza na Mratibu, lakini macho yake yalikuwa kwa Tharsisi, na uso wake ulikuwa na hofu, kwa kuwa mwezi ulikuwa umekwisha na yeye bado hakujua kama barua yake ilitoka.

Tharsisi alimwonyesha mikono yake, vidole vyote kumi, visivyo na wino. Kisha akatikisa kichwa polepole: haikutoka. Akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha karatasi ya daftari, akamkabidhi pale pale mbele ya watu wote kama mtu anayempa mwalimu chaki. Hakuna aliyegeuza shingo. Watu wote walikuwa wanamtazama Mratibu. Esteri alikiweka kwenye mkoba na kufumba macho kidogo, halafu akawageukia wanafunzi wake.

Ndugu Isihaka peke yake ndiye aliyekiona kifurushi. Ujuzi wa kazi haupotei hivi hivi. Akamvuta Tharsisi mkono.

"Yule mgonjwa wa vidonge," alinong'ona. "Yule wa kila mwezi, ambaye jalada lake halikutoka. Ni nani?"

"Nimesahau, mzee."

"Umesahau?"

"Ego. Kabisa."

Kwa mazoea Ndugu Isihaka alivuta fomu moja na kushika kalamu. Akautazama ule mstari unaotaja jambo lililosahauliwa, wenye jina lake mwenyewe. Akaitazama ile foleni. Akairudisha fomu mahali pake, akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua ya kumthibitisha Tharsisi kazini ambayo ilikuwa imekunjamana sana, akaisukuma mezani.

"Laiti ungenisahau na mimi hivyo," alisema.

Pale mbele, wazee kwa akina mama walikuwa wamezishika fomu zao kwa mikono miwili, wakifuatisha maneno kwa kidole. Walikuwa wamefika mstari wa tatu.

"Ki," walisoma. "So. No. No."

"Vizuri sana," alisema mwalimu Esteri. "Sasa tena, kwa pamoja, na wale wa nyuma wasikie."